Mamba alipochekwa Buyenzi

Patroni aliandika KUTISHA kwa chaki nyeupe, akapigia mstari, akauegemeza ubao mlangoni. Ndiyo desturi ya kibanda chake cha video hapa Buyenzi, Bujumbura: jina la filamu haliandikwi, maana wateja wengi hawalijali. Kinachoandikwa ni aina. VITA. MAPENZI. KUCHEKESHA. KARATE. Chini yake bei. Anayepita kwenye avenyu anasoma neno moja, anapapasa mfuko, kisha anaingia au anakwenda zake.

Filamu yenyewe ilikuwa "Primeval" ya mwaka 2007, na niliileta mimi kwenye flashi. Tulikuwa tumekubaliana anipe zile saa za Jumamosi ambazo kibanda hulala, kuanzia saa nane mchana hadi mpira wa Uingereza uanze, niweke filamu ninazozitaka. Yeye akusanye kiingilio, mimi niketi benchi la nyuma na daftari langu. Nilitaka kuona filamu zinazotuhusu, au zilizopita karibu na mlango wetu, zinapokewaje na watu wa hapa ambao hawajasoma hata neno moja lililoandikwa juu yake.

"Primeval" inamhusu Gustave. Mtu wa Bujumbura hahitaji kuelezwa Gustave ni nani. Kwa walio mbali: ni mamba wa mto Rusizi na ukingo wa Ziwa Tanganyika, aliyekadiriwa kuzidi mita 6, mwenye makovu ya risasi mwilini, na sifa zake za kula watu zilivuka mipaka zamani. Jina alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi hapa miaka mingi. Faye huyohuyo alijaribu kumnasa kwa tundu kubwa la chuma, na mkasa huo ukatengenezewa filamu ya kumbukumbu mwaka 2004. Tundu lilibaki tupu. Hollywood waliposikia habari hiyo wakatunga yao, wakamweka Dominic Purcell mbele, wakaenda kuipigia picha Afrika Kusini.

Hapo ndipo kicheko kilipoanzia. Mamba alikuwa hata hajaonekana sawasawa pale fundi mmoja wa baiskeli alipouliza kwa sauti, "Hii ni Burundi ya wapi?" Nyasi kavu mpaka macho yanapoishia. Mgomba hakuna. Mchikichi hakuna. Ile milima ya Kongo ng'ambo ya maji, ambayo sisi tunaiona kila tukigeuza shingo, haipo. Kisha mamba akatoka, mamba wa kompyuta, akaanza kumkimbiza mtu nchi kavu mbio kama pikipiki. Mzee mmoja aliyevua ndagala tangu ujana wake akashindwa kuvumilia. Akasimama, akakizuia kioo kwa mgongo wake, akatuambia: "Wanangu, mamba hakukimbizi. Mamba anakungoja."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Tangu hapo, kila Gustave alipotokea, mabenchi yote yaliitikia kwa pamoja: "Anakungoja!"

Nasikia matangazo ya filamu hii kule Marekani yalificha kwamba muuaji ni mamba, yakauza habari ya muuaji wa watu wengi asiyejulikana, na watazamaji wakatoka wakinung'unika kwamba wamedanganywa. Sisi hatukudanganywa, maana tulijua mapema, lakini hatukuogopa hata kidogo. Maoni yangu ni kwamba filamu hii haikushindwa kwa sababu ya mamba wake mbovu. Ilishindwa kwa kutojua hofu ya ziwani ikoje. Hapa viboko hutoka majini jioni wakala majani karibu na barabara, na dereva anapunguza mwendo tu, kama anayempisha ng'ombe wa jirani. Kinachomfanya mvuvi wa Tanganyika asite ni maji yaliyotulia kupita kiasi, na hakuna kamera ya Hollywood iliyokuwa na subira ya kuyatazama maji hayo hata kwa dakika moja.

Tulipotoka nje tulikuta mtu amefuta KUTISHA, ameandika KUCHEKESHA. Patroni alikasirika, hasa kwa kuwa mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wake.

Jioni ile nikachora safu mbili daftarini. Safu ya kwanza: aina iliyoandikwa ubaoni mchana. Safu ya pili: aina iliyotoka mlangoni watu walipotawanyika. Nilidhani "Primeval" ni kisa cha pekee. Wiki zilizofuata zilinionyesha vingine.

Jumamosi ya pili nilileta "The African Queen" ya mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Patroni akauliza ni ya aina gani. Nikasema mapenzi. Akamtazama Bogart, ndevu hazijanyolewa, shati limelowa grisi, akasema, "Mapenzi ya huyu?" Akaandika SAFARI.

Hii nayo ni yetu kwa mlango wa nyuma. C. S. Forester alipoandika riwaya yake mwaka 1935 alikuwa na vita vya Ziwa Tanganyika akilini. Wajerumani walikuwa na meli yao kubwa, Graf von Götzen, nao Waingereza wakaleta mashua mbili kwa nchi kavu, wakizikokota porini mpaka zikafika majini. Mashua hizo ziliitwa Mimi na Toutou, na nilipolisema hilo kibandani, kijana mmoja alicheka mpaka akamwaga chai: yaani Mwingereza alipanda chombo kinachoitwa Mimi? Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe isije ikatekwa. Mwaka 1924 ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba. Meli ya adui anayoitafuta Bogart katika filamu, basi, ni ndugu wa meli ambayo babu zetu walipandia kwenda Kigoma.

Ninaipenda filamu hii kuliko inavyostahili. Sisahau mwanzo wake, Bogart anapokaribishwa chai na wamisionari, tumbo lake linaanza kunguruma, na wenyeji wake wanajifanya hawasikii. Akina mama waliokuwa wamejibanza pembeni walicheka pale kuliko mahali pengine popote, maana kila nyumba ya hapa imewahi kuwa na mgeni wa namna ile. Lakini siwezi kunyamazia jambo moja. Baada ya kijiji kuchomwa moto mwanzoni, Waafrika wanakuwa kama wamefutwa. Mto mzima, majani yote, mbu wote, ruba wote, na watu wawili Wazungu. Sehemu zake zilipigwa Kongo na Uganda, na inasimuliwa kuwa kikosi kizima kiliugua tumbo isipokuwa Bogart na mwongozaji John Huston, kwa kuwa wao walikunywa wiski badala ya maji. Wapishi, wapiga makasia na wabeba mizigo wa kikosi hicho waliishije, wasimulizi hawatuambii.

Ilipoisha, hakuna aliyezungumzia mapenzi wala vita. Mzee wa ndagala alianza kueleza jinsi alivyosafiri kwa Liemba akiwa kijana, alilala wapi, nani alitapika, mbuzi wa nani alianguka majini, na kibanda kikamsikiliza mpaka Patroni akalazimika kuwasha mpira kwa nguvu. Kwenye safu ya pili niliandika: HADITHI YA BABU.

Ya tatu ndiyo iliyoleta msukosuko. "Viva Riva!" ya Djo Munga, ya mwaka 2010, kutoka Kinshasa, ambayo mwaka 2011 ilinyakua tuzo 6 za filamu za Afrika, AMAA. Ubaoni: MAJAMBAZI. Riva anarudi nyumbani kutoka Angola na shehena ya petroli ya wizi, na Kinshasa imekauka. Bosi wa Angola anamfuata. Riva anampenda Nora, mwanamke wa jambazi mwingine. Risasi, dansi, pesa zinazomwagwa kama karanga. Lingala si tatizo kwetu, kwani muziki umetufundisha ya kutosha.

Nilikuwa nimesahau jambo moja muhimu, kwamba filamu hiyo ina vitendo vya chumbani ambavyo haviwezi kupita Buyenzi mchana wa Jumamosi, msikiti ukiwa hatua chache. Patroni hakusahau. Alikuwa na kanga ya mkewe begani, na kila Riva na Nora walipokaribiana aliitupa juu ya televisheni kwa wepesi wa mvuvi anayetupa wavu. Watoto alikuwa amekwisha kuwatoa. Bahati mbaya kanga haifuniki sauti, na kimya cha mabenchini wakati ule kilikuwa kizito kuliko mahubiri.

Hata hivyo, Riva na Nora hawakuwa na nafasi yoyote siku ile. Msomaji anajua tulikotoka na esansi, kama tunavyoiita petroli hapa. Miaka hii ya karibuni tumeona foleni za magari zinazolala na wenyewe ndani, pikipiki zilizoegeshwa kama mizoga, bidoni zinazovuka kutoka upande wa Uvira, chupa ya maji iliyojazwa rangi ya njano na kuuzwa kwa kunong'ona. Kwa hiyo Riva alipoficha mapipa yake na kusema atangoja bei ipande, dereva mmoja wa teksi aliyekuwa mbele yangu aliacha kutafuna.

"Ni mapipa mangapi?" aliuliza.

Mtu akahesabu. Mwingine akazidisha kwa bei ya magendo ya wiki ile. Kukawa na ubishi: je, ayafiche wapi, auze yote kwa mkupuo au kidogokidogo, kwa nini anaingia dansini na harufu ya esansi mwilini? Mtu akipigwa risasi, wao wanauliza kama pipa limetoboka. Wahakiki wa Ulaya walisifu mwendo wa kasi wa filamu hii na ujasiri wake, na mimi nakubaliana nao. Djo Munga anaipiga picha Kinshasa usiku kwa mapenzi ya mtu aliyezaliwa pale, bila kuiomba radhi dunia. Ila nadhani hakuna mhakiki aliyeketi karibu na dereva wa Bujumbura. Kwa dereva yule hiyo haikuwa filamu ya majambazi. Alipotoka nje alimwambia rafiki yake, kwa uso mkavu kabisa, "Nilijua tu kuna mtu ameyaficha." Safu ya pili: HABARI.

Nikaona nipumzishe watu kwa kuleta Steven Kanumba, nyota wa bongo muvi, yaani filamu za Tanzania. Huyu alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, na mama zetu wa sokoni Ruvumera walimlilia kama mtoto wa tumbo lao, ingawa wengi wao hawajawahi kufika Dar es Salaam. Nilichagua moja ya zile za mapenzi na usaliti. Ukiwa umeona "Oprah" ya mwaka 2008 unajua ladha yake. Majina ya Kiingereza juu ya kasha, Kiswahili ndani.

Niseme wazi kasoro zinazonikera katika bongo muvi za enzi ile. Gari linafika getini. Linapiga honi. Mlinzi anakuja taratibu. Geti linafunguliwa lote, kushoto, kisha kulia. Gari linaingia. Mtu anashuka, anafunga mlango, anarekebisha miwani, anapanda ngazi, anabisha hodi, anakaribishwa, anaketi, anaulizwa atakunywa nini. Juisi inaletwa. Dakika saba zimepita, na hakuna aliyesema neno la maana. Nilikuwa nikiwaza haya na kuyaandika daftarini nilipogundua kwamba akina mama hawachoki hata kidogo. Wanayasoma mapazia. Wanaisoma ile sahani ya juisi. Kwamba mke wa kwanza hakuleta mwenyewe, kamtuma msichana wa kazi, hilo kwao lilikuwa tangazo la vita, na lilinipita kabisa.

Nawajua vijana kadhaa waliokulia milimani na Kirundi chao kitupu, wakajifunza Kiswahili kutoka kwa Kanumba na mwigizaji mwenzake Ray. Mpaka leo ukiwakasirisha wanagomba kama watu wa Sinza, Dar es Salaam. Shule zetu zina vitabu vya Kiswahili, ndiyo, na nchi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini mwalimu aliyeanza kazi kabla yao alikuwa kwenye televisheni, amevaa suti, anamlilia mwanamke.

Filamu ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Ilizuka kesi: mke arudi au asirudi? Wazee wawili wakajitwalia uenyekiti. Mashahidi wakaitwa, mifano ya jirani ikatajwa bila majina, ila kila mtu alijua ni nani. Ubaoni palikuwa pameandikwa MAPENZI. Mimi nikaandika BARAZA.

"Who Killed Captain Alex?" ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, ilikwenda haraka na mimi nitakwenda nayo haraka. Inasimuliwa haikugharimu hata dola 200. Bunduki za mbao na vyuma chakavu, damu ya kuigiza, helikopta ya kompyuta inayolipua mji, na juu ya yote sauti ya VJ Emmie akishangilia, akimtania kila mtu, akitangaza filamu huku filamu inaendelea. Watu wa nchi za mbali waliishangaa sauti ile kama kitu kipya. Sisi tulikua nayo: Lufufu wa Tanzania alitusimulia vita vya Marekani kwa Kiswahili kwenye kanda, na leo kuna agasobanuye kutoka Rwanda, neno lenye maana ya kitu kilichofafanuliwa. Kwetu filamu isiyo na msimulizi ndiyo ya ajabu. Vijana walifurahi, lakini kilichonishangaza kilikuja baadaye. Watatu kati yao walinifuata mpaka njiani, wakaniuliza kamera inauzwa bei gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo baada ya filamu ya Schwarzenegger.

"Supa Modo" ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, niliiwekea watoto. Jo ana miaka tisa, ni mgonjwa wa kufa, mama yake amemtoa hospitali na kumrudisha kijijini, na dada yake anakishawishi kijiji kizima kijifanye kwamba mtoto ana nguvu za ajabu. Watoto wa Buyenzi waliipokea kama KARATE, sawasawa na ilivyoandikwa ubaoni, na wakatoka wamefunga kanga na mataulo shingoni. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alitazama robo ya mwisho akiwa amesimama mlangoni. Hakuingia, hakuondoka. Kisha alimbeba mtoto wake mgongoni, mtoto wa miaka minane anayeweza kutembea vizuri sana, akaenda naye hivyo mpaka nyumbani. Sikuandika kitu.

Kuhusu "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, najua nitagombana na marafiki. Imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto, Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar baada ya miaka mingi bila kupeleka kitu. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin aliyeozwa kwa mwanamume mtu mzima na kumkimbia, Denge na wenzake wa siasa za ukombozi. Kila picha imepangwa kama sinia ya harusi. Na hapo ndipo shaka yangu ilipo: filamu inajua kwamba ni nzuri. Inakaa mbele ya kioo muda mrefu kidogo. Riwaya ina vumbi na njaa na matani ya vijiweni, ina watu wanaokimbizana vichochoroni. Filamu imechagua kivuli na ukimya. Ni haki ya mwongozaji, ila mimi nilikosa jasho.

Patroni alisikia muziki wake wakati wa majaribio, akaandika TAARABU, kwa hiyo waliokuja walikuwa bibi zetu, wamejitanda, wamejifukiza udi. Vijana waliochungulia waliondoka. Bibi hao hawakuona ukimya wowote, kwa sababu waliujaza wao. Walikuwa wakisikiliza Kiswahili. "Sikia anavyotamka," mmoja alimwambia mwenzake. Kiswahili chetu cha Buyenzi kimechanganyika na Kirundi, Kifaransa na cha Wakongo, na tunakipenda hivyo, lakini kilifika hapa zamani na misafara kutoka pwani, kupitia Ujiji. Kwa bibi hawa filamu ilikuwa kama mtu aliyetoka kwa ndugu wa mbali, na wala hawakumuuliza kwa nini hasemi sana. Nilipowaeleza malalamiko yangu, mmoja alinijibu, "Wewe ulikuwa unatazama. Sisi tulikuwa ugenini." Sikupata jibu, na sijabadilisha maoni.

Kuna moja haikuwahi kupata neno ubaoni. "Na Wewe", filamu fupi ya dakika 19 ya Mbelgiji Ivan Goldschmidt, ya mwaka 2010, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2011 na kushindwa na filamu nyingine. Inatokea hapa Burundi mwaka 1994. Basi dogo linasimamishwa na watu wenye silaha. Abiria wanaamriwa watengane, Wahutu huku, Watutsi kule. Kila anayeulizwa ana maelezo: mama huyu, baba yule, bibi wa upande wa pili, mpaka wanaouliza wenyewe wanaanza kuchanganyikiwa. Jina ni maneno ambayo Mrundi na Mswahili wote wanayaelewa bila kufasiriwa.

Patroni aliitazama peke yake kwanza, mlango umefungwa. Akatoka, akaugeuza ubao ukutani. "Hii si ya kiingilio," alisema. Tukaionyesha usiku kwa watu wachache wanaojuana, wote waliopita umri wa kuulizwa maswali yale barabarani. Nilikuwa na hofu. Lakini walicheka. Walicheka mapema kuliko nilivyotarajia, kwa pumzi fupi, mahali ambapo majibu yanagongana. Mmoja alisema kwamba Buyenzi ukiulizwa ulijibu "mimi Mswahili", ukaomba Mungu jibu litoshe. Hakuendelea, na hakuna aliyemwomba aendelee. Najua wapo wanaosema si sawa kufanya kichekesho kwa jambo lile, tena kufanywa na mgeni. Wangeketi na wale wazee. Kicheko kile hakikuwa cha kusahau. Ila safu ya pili niliiacha tupu, kwa heshima.

Ndipo nikaleta "Gito l'ingrat".

Ningeweza kuanza nayo, maana ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya kubuni iliyotengenezwa na Mrundi. Léonce Ngabo, ambaye watu walimjua kwanza kwa gitaa na sauti, aliitoa mwaka 1992, na mwaka 2009 akaanzisha tamasha la filamu la FESTICAB hapahapa mjini. Gito, aliyeigizwa na Joseph Kumbela, amemaliza masomo Paris. Anamwahidi mpenzi wake Christine kwamba atakuwa waziri, kisha atamwita. Anarudi na shahada yake kama mtu anayerudi na taji. Familia inampokea kwa shangwe. Uwaziri hauji. Kazi yoyote haiji. Anamrudia Flora, mpenzi wa ujana wake, na siku moja Christine anashuka kutoka Ulaya. Wanawake hao wawili, badala ya kung'oana nywele kama ilivyotarajiwa, wanakaa pamoja na kupanga jinsi ya kumwadhibu.

Patroni aliandika KUCHEKESHA bila kuuliza, na kwa nusu saa ilikuwa hivyo. Walicheka Gito anapovaa suti kwenda kuomba kazi. Walicheka, hasa vijana wenye shahada zao kwenye bahasha za plastiki nyumbani, kicheko cha mtu anayekanyagwa kidole. Miaka zaidi ya 30 imepita na ofisi zile bado zinajibu vilevile: rudi wiki ijayo. Nadhani Ngabo alimwonea Gito kidogo. Ujinga wake wa mapenzi unastahili kipigo, lakini njaa yake ya kazi haikuwa kosa, na filamu inavichanganya vyote viwili katika kapu moja. Kwa upande mwingine, muungano wa Flora na Christine ni kitu ambacho bongo muvi mia moja zilizofuata hazikuthubutu, na akina mama walioisikia habari hiyo walinidai niirudie Jumamosi nyingine.

Kisha kicheko kikapungua, na nilichukua muda kuelewa kwa nini. Watu walikuwa wameacha kumtazama Gito. Walikuwa wakitazama nyuma yake. Barabara. Magari. Miti. Watu wanaopita bila kujua kwamba kamera inawachukua. "Pale ni wapi pale?" "Siyo, hapo ni chini zaidi." "Rudisha nyuma kidogo." Patroni akarudisha. Mzee wa ndagala akasogeza kiti mpaka karibu na kioo, akawa anawatazama wapita njia mmoja mmoja. Ni mwaka 1992. Mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na yaliyofuata kila mtu kibandani alikuwa na yake. Wale waliopita nyuma ya Gito wanaharakisha tu, mmoja na kikapu, mwingine anaendesha baiskeli, wanakwenda walikokuwa wanakwenda.

Tulirudisha nyuma mara nyingi kiasi kwamba filamu ya dakika tisini ilimaliza mchana wote, na kipindi cha kwanza cha mpira kikatupita. Hakuna aliyelalamika, jambo ambalo sijawahi kuliona Buyenzi.

Jumamosi iliyofuata watu walikuja wenyewe, saa saba na nusu, wengine na wazazi wao. Patroni alitoka na ubao na chaki. Akafuta KUCHEKESHA kwa kiganja. Akanitazama, nami nikamtazama, daftari langu likiwa kwapani. Akafikiri, akaandika YA KWETU. Akarudi hatua mbili nyuma kuutazama mwandiko wake. Halafu akainama, akafuta bei, akaongeza faranga mia.